Sura ya Sita: Kisu cha Bern, Chumvi ya Ukinga

Katika maduka ya jumla ya Mlandege, mjini Iringa, chumvi hupangwa karibu na mlango pamoja na sabuni na viberiti, na hakuna anayeitazama mara mbili. Mteja aliyeshuka na basi la Pawaga au Kilolo hununua katoni yake, huifunga nyuma ya bodaboda na kwenda zake. Kwenye pakiti pameandikwa kwamba chumvi hiyo imeongezwa madini joto. Wenye maduka hayo, si wachache, ni Wakinga, watu ambao biashara zao zimeenea kutoka Iringa na Makambako hadi Mbeya na Kariakoo. Miaka sitini iliyopita milima walikotoka, ambayo leo ni Wilaya ya Makete, iliandikwa katika jarida la tiba la London kwa sababu ya shingo za wakazi wake. Ukinga ulikuwa nchi ya goita.

Sura hii inahusu wapasuaji wa tezi ya shingo. Nimeianzia dukani kwa makusudi, kwa kuwa naamini kazi yao haiwezi kuelezwa vizuri na mtu anayeanzia kwenye meza ya upasuaji. Waliotukuka katika fani hii, kutoka Uswisi hadi India, ni wale waliomaliza kushona jeraha kisha wakauliza: huyu mama ametoka kijiji gani, na huko kwao wanakula nini?

Tezi yenyewe, thairoidi, hukaa mbele ya koo, chini ya kikoromeo. Ya mtu mzima mwenye afya haizidi sana gramu 20. Homoni zake ndizo zinazouamuru mwili utumie nguvu kwa kasi gani: mapigo ya moyo, joto la ngozi, hedhi, kukua kwa mifupa, na zaidi ya yote, kujengeka kwa ubongo wa mtoto aliye bado tumboni. Malighafi yake ni madini joto, yaani ayodini. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250. Ukijumlisha mahitaji ya mtu aishiye miaka 70, hayajazi kijiko cha chai. Lakini akikosa kiasi hicho kidogo, ubongo huisukuma tezi ifanye kazi zaidi, nayo huongezeka ukubwa mwaka hadi mwaka ikijaribu kukamata kila chembe inayopita kwenye damu.

Hazina kubwa ya madini joto ni bahari. Nchi kavu hupata kiasi kidogo kupitia hewa na mvua, na milimani mvua hiyo hiyo, ikiwa nyingi, huyakosha kutoka kwenye udongo na kuyateremsha mitoni. Ukinga unapanda kuelekea mita 3,000, mvua zake ni nzito na miteremko yake ni mikali. Viazi, ngano na mahindi ya huko hustawi vizuri kabisa, ila huota kwenye udongo uliokwisha kukoshwa. Hata usipa uliopandishwa kutoka Ziwa Nyasa kwa njia za miguu za Milima ya Livingstone haukuweza kuziba pengo, maana samaki wa maji baridi wana madini joto machache kuliko wa baharini. Chumvi nayo haikukosekana kusini. Huko Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, watu walichemsha maji ya chemchemi kupata chumvi karne nyingi kabla ya wakoloni, na miaka ya 1960 Brian Fagan na John Yellen walichimbua mabaki ya kazi hiyo. Ila chumvi, iwe ya chemchemi au ya bahari, haina madini joto ya kutosha mpaka mtu ayaongeze.

Wakati mwingine chakula chenyewe huongeza tatizo. Kisiwani Idjwi, katika Ziwa Kivu, François Delange na wenzake walishangaa kuona kaskazini mwa kisiwa watu wengi wana goita kuliko kusini magharibi, ilhali pande zote mbili zilikosa madini joto karibu sawasawa. Tofauti waliikuta kwenye mihogo. Sumu ya mihogo isiyoandaliwa vizuri, ikishavunjwa mwilini, huacha kemikali inayoizuia tezi kunyonya madini joto yale machache yaliyopo. Utafiti huo wa mashariki ya Kongo uliwafundisha madaktari wa dunia nzima kuangalia sufuria ya mgonjwa kabla ya kuangalia shingo yake.

Uvimbe ndio unaoonekana, kwa hiyo ndio uliosemwa. Wanawake huupata zaidi kuliko wanaume, hasa wanapobalehe na wanapobeba mimba. Madhara mazito zaidi yalikuwa yamejificha: mimba zilizoharibika, watoto waliozaliwa viziwi na bubu, waliodumaa mwili na akili. Familia ililea mtoto wa namna hiyo bila kujua kwamba ugonjwa wake na shingo ya mama yake ni kitu kimoja.

Sasa twende kwenye kisu.

Hadi katikati ya karne ya 19, kuikata tezi hii kulikuwa karibu sawa na kumwua mgonjwa. Damu hupita humo kwa wingi wa kutisha. Nyuma yake hupita mishipa miwili ya fahamu inayoendesha sauti, na ukiukata mmoja mgonjwa hubaki na sauti ya kukwaruza. Ukiikata yote miwili anaweza kushindwa kupumua. Zimejibanza hapo pia tezi nne ndogo, parathairoidi, kila moja na ukubwa wa punje ya mchele, zinazotunza kalisi ya damu. Ukizitoa kwa bahati mbaya, vidole vya mgonjwa huanza kukakamaa siku chache baadaye. Mwaka 1850 Chuo cha Tiba cha Ufaransa kiliulaani upasuaji huu.

Theodor Kocher, aliyezaliwa Bern mwaka 1841 na kuwa profesa wa upasuaji hapo akiwa na miaka 30, hakuwa na njia ya kuukwepa. Uswisi ya wakati wake ilikuwa Ukinga mwingine: milima, mvua, udongo mtupu, na vijiji ambako shingo isiyovimba ndiyo iliyokuwa ya ajabu. Kocher alikata polepole, akafunga kila mshipa wa damu kabla ya kuukata, akashika usafi wa vijidudu kwa ukali. Mikononi mwake vifo vilishuka kutoka zaidi ya 1 katika kila 10 hadi chini ya 1 katika kila 100, na maishani mwake alifanya upasuaji wa namna hiyo zaidi ya mara 5,000. Mwaka 1909 alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba, mpasuaji wa kwanza kuipata.

Mimi namheshimu zaidi kwa jambo lililomuumiza. Mwezi Januari 1874 alimtoa tezi yote msichana wa miaka 11, Maria Bichsel. Jeraha likapona vizuri. Baadaye daktari wa kijijini kwao akaandika kwamba msichana yule amebadilika kabisa. Kocher hakuridhika na sifa ya jeraha zuri. Aliwaita upya wagonjwa aliokuwa amewatoa tezi yote, akawachunguza mmoja mmoja. Kati ya 18 waliofika, 16 walikuwa wamevimba uso, wamekuwa wazito wa mwendo na wa fikra, na watoto walikuwa wameacha kukua. Maria alikuwa amepitwa kwa kimo na mdogo wake. Mwaka 1883 Kocher alisimama mbele ya madaktari wenzake akatangaza matokeo hayo, akaacha kutoa tezi nzima kwa goita ya kawaida. Hapo ndipo dunia ilipoanza kuelewa tezi hii ina kazi gani. Elimu hiyo ilipatikana kwa sababu mpasuaji alikubali kuitazama kazi yake miaka tisa baada ya kuimaliza.

Uswisi ilimtoa mwingine ambaye jina lake halijulikani sana, nami nadhani anastahili kujulikana. Hans Eggenberger alikuwa daktari mkuu wa hospitali ya Herisau, na goita zilimjia kila wiki. Katika milima ya Valais, Otto Bayard alikuwa ameshajaribu kuzipa familia chumvi iliyochanganywa na madini joto kidogo sana, na shingo za watoto zikapungua. Eggenberger akakusanya saini za wananchi wa jimbo lake, na mwaka 1922 chumvi hiyo ikaanza kuuzwa Appenzell Ausserrhoden. Mtu aliyeishi kwa kukata goita alizunguka kuwahimiza watu wale kitu ambacho kingewafanya wasimhitaji. Watoto waliozaliwa baada ya hapo walikua bila uvimbe.

India ilipita njia hizo mbili kwa pamoja, na ndiyo maana nawapa Wahindi nafasi kubwa katika historia hii. Chini ya Himalaya kuna ukanda mrefu wa goita, mojawapo ya mikubwa kabisa duniani. Vulimiri Ramalingaswami, aliyezaliwa Srikakulam mwaka 1921 na baadaye kuongoza taasisi ya sayansi za tiba ya All India mjini Delhi, alianza mwaka 1956 jaribio katika bonde la Kangra. Yeye hakuwa mpasuaji, alikuwa mtaalamu wa kusoma maradhi kwenye nyama za mwili. Aligawa bonde katika maeneo matatu: mawili yalipata chumvi yenye madini joto na moja likapata chumvi ya kawaida. Mwanzoni karibu watoto 4 katika kila 10 walikuwa na goita. Baada ya miaka sita, katika maeneo ya chumvi mpya goita zilikuwa zimepungua kwa nusu au zaidi, na lile la tatu likabaki karibu lilivyokuwa. Nalo likapewa chumvi yenye madini joto. Mwaka 1962, kabla bonde lile halijapona lote, India ilianzisha mpango wa taifa.

Lakini chumvi haiondoi goita kubwa ya mama aliyeibeba miaka 30. Huyo anahitaji kisu, na anahitaji mtu aliyefundishwa kazi hiyo peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980, mjini Lucknow, katika taasisi ya Sanjay Gandhi, Saroj Kanta Mishra alijenga idara ya upasuaji wa tezi za homoni, ya kwanza nchini India. Kabla ya hapo tezi za shingo, za parathairoidi na za juu ya figo zilikuwa kazi ya pembeni ya mpasuaji yeyote mwenye nafasi. Mishra alitaka mpasuaji asomee homoni kama anavyosomea anatomia, akae karibu na maabara inayozipima, na awafundishe wengine. Alitambua pia kwamba wanafunzi na wagonjwa wengi hawataweza kufika Lucknow, akawa miongoni mwa waasisi wa tiba kwa njia ya mtandao nchini India. Sijui zawadi kubwa zaidi ambayo mpasuaji anaweza kuiachia nchi kuliko wapasuaji wengine waliofundishwa vizuri.

Na kwetu? Aliyeupeleka Ukinga kwenye maandishi ya tiba alikuwa mzaliwa wa Kilosa. Michael Latham alizaliwa huko mwaka 1928, mtoto wa daktari wa serikali ya kikoloni. Alisomea tiba Dublin, akarudi Tanganyika miaka ya 1950 kuwa daktari wa wilaya, kisha akaongoza kitengo cha lishe cha Wizara ya Afya. Daktari wa wilaya wakati ule alikuwa mpasuaji, mkunga, mwalimu na fundi wa kila kitu. Goita aliziona kwa macho yake. Utafiti wake wa Ukinga ulichapishwa mwaka 1965, mwaka uleule kilipotoka kitabu chake cha lishe ya Afrika ya kitropiki, kilichotumiwa na wauguzi na maofisa lishe wa bara zima. Baadaye alifundisha Cornell, Marekani, kwa miongo kadhaa, akawa sauti kali dhidi ya makampuni yaliyowashawishi kina mama waache kunyonyesha. Alifariki mwaka 2011.

Baada ya utafiti ule wa 1965, Ukinga ulisubiri miaka 20. Wagonjwa walipanda kwenda Bulongwa kwa Walutheri au Ikonda kwa Wakonsolata, na waliobaki waliishi na shingo zao. Mwaka 1973 Bunge liliunda Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, na humo daktari Festo Kavishe, aliyekuja kuwa mkurugenzi wake, alilifanya suala la madini joto kuwa ajenda ya taifa. Katika miaka ya 1980 Iringa, mkoa ambao Makete ilikuwa ndani yake, iliingia katika mpango wa lishe wa UNICEF na WHO kwa fedha za Italia, ambapo wanakijiji wenyewe walipima watoto wao na kujadili matokeo mbele ya serikali ya kijiji. Mpango ule ulichangia fikra ambazo UNICEF inazitumia hadi leo kueleza vyanzo vya utapiamlo, na ningependa kila mtoto wa Iringa afundishwe hilo shuleni.

Kipimo kilihitajika pia. Wächter, Mvungi na wenzao walichapisha mwaka 1985 utafiti wa kusini mwa Tanzania uliotumia matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi. Katika matone hayo walipima homoni ambayo ubongo hutuma kuisukuma tezi, wakaonyesha jinsi inavyoshuka baada ya mtu kuchomwa sindano ya mafuta yenye madini joto. Uzuri wa njia hiyo kwa nchi kama yetu ni kwamba karatasi hubebeka mfukoni kutoka kijijini hadi maabara bila barafu.

Kujenga mfumo wa chumvi huchukua miaka, na mjamzito hawezi kusubiri. Kwa hiyo kuanzia mwaka 1986 serikali, kwa msaada wa Sweden, iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya 27 zilizoathirika zaidi. Dozi moja ilikusudiwa kumlinda mtu kwa takriban miaka miwili. Hadi mwaka 1994 vilikuwa vimegawiwa vidonge zaidi ya milioni 5, na kwa wastani vilifikia watu 64 katika kila 100 waliolengwa. Magari yaliharibika, fedha zilichelewa, awamu ya pili ikaja nyuma ya wakati. Hata hivyo, anayejua barabara za Makete na Ludewa za miaka ile, zenye matope yanayomeza tairi zima, ataona 64 ni kazi ya watu waliojitoa.

Vidonge hivyo vimezaa mjadala ambao bado haujaisha. Mwaka 2009 wachumi Erica Field, Omar Robles na Maximo Torero waliandika kwamba watoto ambao mama zao walivipata wakati wa mimba walisonga mbele darasani kwa zaidi ya theluthi ya mwaka kuliko wengine, wasichana wakifaidika zaidi. Habari hiyo ilisambaa duniani. Baadaye Bengtsson, Sävje na Peterson, huyu wa mwisho akiwa daktari aliyeufahamu ugawaji ule kwa karibu, walirudia hesabu hizo kwa makini wakasema faida hiyo ya shule haionekani kwa uhakika. Naona wametenda haki. Kwamba ubongo wa mtoto aliye tumboni unahitaji madini joto ni jambo lililothibitishwa kwa njia nyingine nyingi, na halipungukiwi kitu takwimu moja ikitiliwa shaka.

Kanuni za chumvi zilikuja mwaka 1994 na kuanza kutumika mwaka uliofuata. Kazi yake kubwa ilikuwa pwani: Bagamoyo, Tanga, Lindi, Mtwara, ambako wazalishaji wadogo huanika maji ya bahari na wengine hunyunyiza madini joto kwa bomba la mgongoni, lile la kupulizia dawa shambani. Mkono ukichoka, rundo moja hupata mengi na jingine halipati kitu. Mkaguzi hudondosha tone la dawa yenye wanga kwenye chumvi. Ikigeuka zambarau, madini yamo. Kuzidisha nako ni hatari, hasa kwa wazee ambao tezi zao zimezoea njaa. Zimbabwe na Kivu ziliona miaka ya 1990 wagonjwa ambao tezi zao zililipuka kwa kazi, moyo ukaenda mbio, mwili ukakonda.

Mwaka 2004 Vincent Assey na wenzake wa Taasisi ya Lishe walipima nchi nzima. Katika miaka ya 1980 robo ya watoto wa shule walikuwa na goita. Sasa walikuwa 7 katika kila 100. Katika wilaya 16 zilizokuwa na hali mbaya zaidi, 61 katika kila 100 walishuka hadi 12. Kaya 84 katika kila 100 zilikuwa na chumvi yenye madini joto jikoni. Sijui kampeni nyingine ya afya nchini iliyobadilisha sura za watu namna hii, na imesherehekewa kidogo mno.

Kazi ya mpasuaji haikuisha, imebadilika. Goita za zamani zina mafundo magumu yasiyoyeyuka, nyingine zimebana bomba la hewa hadi mama analala ameketi. Saratani ya tezi nayo hubadilika aina: palipokosa madini joto ile ya kusambaa kwa damu huwa na sehemu kubwa zaidi, na yakipatikana ile ya kusambaa kwa mitoki, ambayo hutibika vizuri zaidi, huongoza. Nyanda za Juu Kusini zina hospitali ya rufaa ya kanda Mbeya, zina Iringa, zina Ikonda, na zina wagonjwa wa kutosha kumfundishia mpasuaji kijana kazi hii ya peke yake. Lucknow ilianza kwa daktari mmoja aliyeamua hivyo.

Atakayeianza hapa asihesabu shingo alizokata tu. Mgonjwa aliyetolewa tezi yote anahitaji kidonge cha thairoksini kila asubuhi hadi siku ya kufa, na kipimo cha damu cha kusahihisha dozi. Akikosa kidonge kwa miezi kadhaa, atapatwa na yaleyale yaliyompata Maria Bichsel. Kwa hiyo kabla ya kumwekea mama wa Lupila kisu shingoni, daktari anapaswa kujua duka la dawa lililo karibu naye ni lipi, nauli ya kulifikia ni kiasi gani, na kidonge hicho kitapatikanaje mwezi Januari njia ikiwa tope. Pale ambapo jibu halipo, aache kipande cha tezi.